Afisi ya nyumba za serikali: mapokezi mazuri, foleni haionekani

Nilimsindikiza shangazi, mjane, kuomba fleti ya serikali hapa mjini Zanzibar. Kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, hatukuzungushwa, barua tulitoka nayo mkononi. Afisini nako karani alimpa kiti, akapokea kopi ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, akampa pole. Kwa hayo nawapa nyota tatu.

Kilichonikera ni fomu. Inauliza kazi na idadi ya watoto. Maradhi haiulizi, wala kodi unayolipa. Shangazi hapandi ngazi, na chumba alichopanga kinavuja hadi kitandani. Karani ndiye aliyeandika "magoti" pembeni, kwa penseli. Penseli hufutika!

Nani anatangulia? Hakuna aliyeweza kutujibu. Majumba ya Michenzani yalipojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, waliobomolewa nyumba zao Ng'ambo, upande huo wa mji, walipewa fleti, na kila mtu aliijua sababu. Leo mwombaji anaambiwa "subirini simu", basi.

Bandikeni vigezo ukutani, jamani, na kila mwombaji apewe namba yake. Shangazi bado anatega ndoo usiku mvua ikinyesha.