Krimu ya yurea 10% kwa vipele vya dawa ya kansa, uzoefu wangu

Kwa mwenye haraka: krimu ya yurea 10% (yurea ni kitu kinacholainisha ngozi kavu) isiyo na manukato imenisaidia sana kifuani, mikononi na miguuni, ila usoni penye vipele vibichi inachoma, huko nikahamia kwenye losheni laini isiyo na harufu. Na peke yake haitoshi, lazima iende na dawa za daktari.

Mie natumia erlotinibu kidonge cha miligramu 150 kila siku, kansa ya mapafu, na sijawahi kuvuta sigara maana najua ndo swali la kwanza la watu. Hii dawa inazuia kitu kinaitwa EGFR ambacho ndo kinaipa kansa yangu nguvu ya kukua, sasa hicho hicho kipo kwenye ngozi na kwenye vinyweleo na kucha pia, kwahiyo dawa ikiizuia kansa na ngozi nayo inaumia. Vipele vikatoka kabla hata wiki ya pili haijaisha, pembeni ya pua, kidevuni, kichwani kwenye nywele, halafu kifuani na mgongoni juu. Ukitafuta picha utaona wazungu wamekuwa wekundu, kwetu weusi wekundu hauonekani sana, ni vipele vya rangi ya kahawia iliyokolea vina usaha kwa juu, vinawasha na kuuma kwa pamoja, na vile vidoa vyeusi vya mafuta vya chunusi havipo kabisa.

Hapo ndo pa kushika jamani, hizi sio chunusi. Dawa za chunusi kazi yake kubwa ni kukausha, benzoili peroksaidi na wenzake, na ngozi ya mtu anayetumia hizi dawa imeshakauka tayari, ukiikausha tena inapasuka. Nesi wa kliniki aliniambia mapema kabisa hata kipele kimoja hakijatoka, kwahiyo watu wangu walipokuja na ushauri wa limau, dawa ya meno, liwa, mwarobaini, nikashukuru nikaweka pembeni, najua wananipenda na wanataka nipone. Duka moja la dawa walitaka kuniuzia krimu kali ya steroidi wakasema itamaliza wiki hiyo hiyo, nikakataa, usoni daktari wangu ameniruhusu haidrokotizoni 1% tu, ambayo ni steroidi isiyo kali, tena kwa muda aliopanga yeye.

Sasa krimu yenyewe. Nzito kidogo ila haigandi wala haiachi mafuta kwenye nguo. Naoga maji ya uvuguvugu, sabuni ile ya kulainisha isiyo na manukato, najikausha kwa kanga kwa kugusagusa bila kusugua, alafu napaka hapo hapo ngozi ikiwa bado na unyevu, ukichelewa mpaka ikauke haikai vizuri. Magamba ya miguuni yalianza kulainika ndani ya siku chache na ule muwasho wa usiku ukapungua nikawa nalala. Palipochubuka usipake, utalia. Ncha za vidole zilizopasuka na visigino mie napaka mafuta ya mgando ya kawaida nalala na soksi, bei rahisi na yanasaidia kweli. Krimu sio ya bei chee, na tyubu ndogo kwa mwili mzima inaisha upesi, chukua kubwa.

Kilichotuliza usaha ni doksisaiklini, antibiotiki ya kumeza, 100 mg asubuhi na jioni, daktari ndo aliandika. Inywe na maji glasi nzima, usilale hapo hapo maana inaunguza koo, na usiichanganye na maziwa wala dawa za kiungulia. Kuna utafiti wa mwaka 2010 unaitwa STEPP, ulikuwa wa wagonjwa wanaotumia panitumumabu ambayo nayo inazuia EGFR, walioanzishiwa losheni, sanskrini (krimu ya kukinga jua), haidrokotizoni na doksisaiklini kabla vipele havijatoka, waliopata madhara ya ngozi ya kiwango cha kati au zaidi walikuwa 29%, waliosubiri mpaka vitoke ndo watibiwe walikuwa 62%. Yaani kama ndo unaanza dawa kesho, muulize daktari leo.

Sanskrini usiiruke, SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) 30 kwenda juu, jua linachochea hivi vipele na doksisaiklini nayo inaifanya ngozi iungue haraka. Zile za zinki haziwashi ila kwa ngozi yangu zinaacha weupe kama nimepakwa chokaa, nikitoka navaa mtandio au kofia pana juu yake, kwa jua la Dar la saa saba hata hivyo sitoki kama sina sababu.

Usiache vidonge vya kansa mwenyewe kwa sababu ya uso, nenda useme, wanaweza kukupumzisha kidogo au kupunguza dozi. Na ukiona ukoko wa njano, uvimbe, au homa, usisubiri tarehe ya kliniki, hiyo inaweza kuwa maambukizi.

Mie sasa vipele vimebaki vichache ila vimeacha madoa meusi mashavuni. Nimeshaambiwa na zaidi ya mtu mmoja kwamba mkorogo utayatoa. Sipaki mkorogo. Daktari kasema yatafifia taratibu, ni miezi, basi naendelea na losheni yangu na sanskrini.