Kioo cha taa cha kuonyesha meseji za grupu la kazini: ununue kipi?

Malalamiko ya wasomaji siku hizi ni yale yale: mtu kaunga kioo cha LED na grupu la kazini, kinawaka vizuri, ila hakuna anayekisoma. Nikimuuliza kina upana wa nukta ngapi, yaani vile vitaa vidogo vinavyounda herufi, hajui. Muuzaji alimpigia debe mwangaza na rangi, mambo ambayo ndani ya ofisi wala hayakusumbui.

Mimi naangalia kitu kimoja: mstari mmoja unabeba herufi ngapi bila maandishi kutembea. Herufi inayosomeka vizuri inakula nukta 6 kwa upana, kwa hiyo paneli ya nukta 64 inabeba herufi 10 basi. Haya, andika "tutakapokutana". Herufi 14! Ama neno likatwe katikati, ama maandishi yaanze kutembea, na anayepita na kikombe chake cha chai aambulie "pokutana sa". Hapo umenunua pambo.

Ndiyo maana namba moja kwangu ni paneli mbili za P4 (milimita 4 kutoka nukta hadi nukta), kila moja nukta 64 kwa 32, ziungwe ubavu kwa ubavu. Unapata herufi 21 kwa mstari, mistari minne, na meseji nyingi za kazini zinaenea. Bodi ya kuziendesha iwe Matrix Portal S3 ya Adafruit. Naipendelea, sifichi: inachomekwa moja kwa moja nyuma ya paneli, ina Wi-Fi, na umeme ukikatika ghafla haina kadi ya kuharibika kama ile kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Chukua pawa saplai ya volti 5, ampea 10, kila paneli iwe na waya wake.

Namba mbili ni paneli moja ya 64 kwa 64. Jumla ya nukta ni ile ile, 4,096, lakini mstari unabaki na herufi zake 10. Labda kama timu yenu inaandika kwa mkato.

P10 (milimita 10 kati ya nukta) za mabango ya maduka na vile vimoduli vyekundu vya chipu ya MAX7219 vinavyouzwa vinne vinne: herufi 5 kwa mstari. Bei yake ni ndogo, ndiyo. Mpe mwanafunzi ajifunzie.

Kwa upande wa meseji anza na Telegram, boti zake (programu zinazosoma na kutuma meseji zenyewe) ni bure. Zima hali ya faragha kupitia BotFather, boti ya Telegram yenyewe ya kusimamia boti nyingine, la sivyo boti haitaona mazungumzo ya kawaida ya grupu.

Sasa wauzaji. P4 maana yake kuna milimita 4 kutoka nukta hadi nukta, kwa hiyo paneli ya nukta 64 lazima iwe na upana wa milimita 256. Duka moja liliniletea za milimita 320, yaani P5, zimebandikwa stika ya P4, na mimi fremu ya milimita 512 nimeshachongesha. "Dada, si zote zinawaka?" Kubadilisha, akataka niongeze hela, eti dola imepanda. Nenda na rula yako, upime kabla hujatoa pesa. Akikukataza kupima, ondoka.