Darktable na mafaili ghafi: tathmini kutoka Iringa

Darktable ni programu ya bure ya kuhariri mafaili ghafi ya kamera (RAW, yaani data ya picha kabla kamera haijaichakata), iliyoanza kutolewa mwaka 2009, na kwa sisi tunaopiga picha kwenye nguzo za mchanga za Isimila, karibu na mji wa Iringa, ambako jua la mchana huacha upande mmoja mweupe pe na mwingine mweusi tii, nimeiona inafaa sana. Kamera inapohifadhi JPEG huamua yenyewe rangi na mwanga, kisha hubana faili na kubakiza viwango 256 tu kwa kila rangi, ilhali faili ghafi la biti 14 linaweza kubeba viwango 16,384. Ndiyo maana nilipoinua mwanga upande wa kivuli, matabaka ya udongo yalijitokeza, japo na chembechembe kidogo. Anga lililoungua kabisa halikurudi, wala sikutarajia lirudi, kwani sensa, yaani kipokea mwanga cha kamera, ilijaa mwanga na haikurekodi undani wowote hapo.

Sifa yake kubwa ni kwamba faili la asili haliguswi: marekebisho huandikwa katika faili dogo la pembeni la XMP, na anayehamisha picha kwenda kompyuta nyingine bila faili hilo atakuta uhariri wake haupo.

Menyu zake ni nyingi mno kwa anayeanza, na kompyuta yenye RAM ndogo husuasua. Kwa picha za pasipoti, ambazo ndizo zinazolipa kodi ya studio nyingi, JPEG inatosha kabisa.