Kadi za tatizo la Post: seti nzuri, kijitabu cha kurekebishwa

Seti hii ya kadi za fumbo la mwanahisabati Emil Post inauzwa Sh 40,000 Wandegeya, Kampala, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, kwa wanafunzi wa kompyuta. Ina kadi 60 za plastiki (aina 15, nakala nne kila moja), kijitabu, na programu ya kutafuta jibu kwenye flashi. Kila kadi ina neno juu na neno chini. Unazipanga mstari mmoja mpaka maneno ya juu yakiunganishwa yalingane na ya chini, herufi kwa herufi.

Mfano wa kwanza ni mzuri: ba/bab, bak/a, a/ka. Ukizipanga hivyo, juu na chini unapata babaka. Hata mwanafunzi wa sekondari ataelewa.

Kadi inaruhusiwa kurudiwa mara yoyote, na nakala nne haziendi mbali. Kijitabu chenyewe kinaweka zoezi la 100/1, 0/100, 1/00, ambalo jibu lake fupi kabisa lina kadi 75! Sanduku zima halifiki huko. Chora kwenye karatasi tu.

Kibaya zaidi ni maelekezo kwamba programu ikizunguka saa moja bila kupata kitu, uandike "hakuna jibu". Mwaka 1946 Emil Post alithibitisha kuwa hakuna algoriti (utaratibu wa hatua kwa hatua) inayoweza kuamua kama jibu lipo au halipo kwa kila seti ya kadi. Jibu likiwepo, utafutaji mzuri utalifikia siku moja. Lisipokuwepo, unaweza kuzunguka milele, na saa moja haitofautishi hali hizo mbili. Kijitabu hakisemi pia kwamba seti za aina 2 za kadi zinaamulika (algoriti ya kuamua ipo), za aina 5 haziamuliki, na za aina 3 na 4 bado ni kitendawili kwa wataalamu.

Programu nayo inatafuta kwa kina: inazama kwenye tawi moja lisilo na mwisho na kuliacha jibu la kadi tatu pembeni. Ibadilishe itafute kwa upana, yaani ijaribu mipangilio yote mifupi kabla ya mirefu. Ili kumbukumbu isijae haraka, hifadhi mabaki tu, yaani herufi ambazo upande mmoja umeutangulia mwingine, pamoja na upande wenyewe. Mabaki yaliyokwisha kuonekana yatupe. Kabla ya kutafuta, kagua: kama kila kadi ina herufi nyingi juu kuliko chini, au hakuna kadi ambayo neno moja linaanza na lingine, hapo kweli andika "hakuna".

Kadi zenyewe ni imara, wino haufutiki. Mwalimu anayejua somo anunue. Anayejisomea peke yake asubiri kijitabu kisahihishwe.