Zamu ya kwanza, zamu ya pili au muda huru: chakula cha jioni melini tukiwa na mtoto mdogo na mzee wa kisukari

Desemba iliyopita tulisafiri kwa meli ya kitalii kwa siku 7 katika Ghuba, tukianzia na kumalizia Dubai. Tulikuwa watu watano: mimi na mume wangu, mavyaa wangu mwenye miaka 71 ambaye sote tunamwita Mama, mwanangu wa miaka 11 na binti yetu wa miaka 4. Mambo ya viza, ya chumba na ya mizigo tuliyajadili hapa nyumbani Tudor, Mombasa, kwa majuma mawili. Saa ya kula usiku hatukuijadili hata kidogo, kwa sababu wakala aliyetukatia tiketi mjini hakutuuliza. Alijaza mwenyewe zamu ya pili kwenye fomu, nasi tukatia saini. Wakala huyo sitamtaja, wala kampuni ya meli. Ninachotathmini ni huduma yenyewe ya chakula cha jioni, kwa kuwa katika usiku saba tuliionja kwa namna zote tatu, na tofauti niliyoiona ni kubwa kuliko nilivyodhania.

Mpango wenyewe uko hivi. Ukumbi mkuu wa chakula hauwezi kuwaketisha abiria wote kwa pamoja, hivyo kampuni nyingi huwagawa katika zamu mbili: ya kwanza huanza karibu na saa kumi na mbili jioni, ya pili saa mbili au saa mbili unusu usiku. Mwenye zamu hupewa meza yake na wahudumu walewale tangu usiku wa kwanza hadi wa mwisho. Katika muda huru, ukumbi au sehemu yake hufunguliwa kwa saa kadhaa mfululizo; unafika upendapo, unaketishwa penye nafasi, na mhudumu wako ni yule utakayemkuta. Norwegian Cruise Line iliufanya mpango huo huru kuwa msingi wa meli zake tangu mwaka 2000, ilhali Royal Caribbean humwachia abiria achague. Disney ina utaratibu wake wa tangu meli yake ya kwanza ya mwaka 1998: abiria hula kwa zamu maalumu na hubadilishiwa ukumbi kila usiku, lakini wahudumu wao huhama pamoja nao. Bafe ya sitaha ya juu kwa kawaida huwa wazi kwa kila mtu, na bahashishi katika kampuni nyingi hutozwa kwa kila kichwa kwa kila siku, ule kwa mpango upi, kwa hiyo kwa upande wa fedha hakuna la kuchagua.

Kadi yetu iliandikwa 20:30. Wakala alikuwa ametueleza kwamba saa ya Dubai iko mbele ya yetu kwa saa moja, kwa hiyo saa mbili unusu ya huko ni saa moja unusu ya Mombasa, wakati ambao nyumba nyingi za hapa ndiyo kwanza zinapakua. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Jambo ambalo hakulihesabu ni urefu wa mlo. Chakula cha ukumbi mkuu huja kwa awamu, kuanzia supu au saladi, kisha chakula chenyewe, kisha kitindamlo, na kati ya awamu moja na nyingine mhudumu ana meza nyingine za kuhudumia. Tuliinuka saa nne na robo usiku. Binti yangu alikuwa amekwisha kula viazi vya kukaanga vya bafe saa kumi na mbili kwa sababu ya njaa, na supu ilipoletwa alikuwa amelala, shavu juu ya kitambaa cha meza, kijiko bado mkononi. Mume wangu alimbeba chumbani akabaki naye huko, na samaki wake akarudishwa jikoni bila kuguswa. Usiku wa pili mambo yalikuwa yaleyale, ila safari hii ni mimi niliyeondoka mezani. Nilijiuliza kuna maana gani ya kusafiri mbali hivyo kama familia halafu kula kwa mafungu.

Siku ya tatu tuliomba muda huru, tukakubaliwa papo hapo, na hapa ndipo nataka msomaji mwenye mzazi anayeugua kisukari asome polepole. Mama anadungwa insulini ya mchanganyiko mara mbili kwa siku, na daktari wake amemwelekeza adungwe nusu saa kabla ya chakula. Kwetu hilo halina shida: sindano hufuata swala ya magharibi, na sahani iko mezani kwa wakati. Melini jioni ile tuliswali isha chumbani, nikamdunga, tukashuka ukumbini saa moja na dakika kumi. Tulikuta foleni imefika hadi kwenye lifti, kwa sababu wenye muda huru karibu wote hupenda kula kati ya saa moja na saa mbili. Tulipewa kifaa kidogo kinachotetema zamu yako ikifika, tukaambiwa tusubiri. Ilipopita takriban nusu saa, Mama alinishika kiwiko akaniambia, "Mwanangu, mikono yangu inatetemeka." Nilimtazama nikaona jasho juu ya mdomo wake wa juu, ndani ya korido yenye ubaridi wa kiyoyozi. Sukari ilikuwa inashuka. Mwanangu alikimbia ngazi hadi bafe akarudi na glasi mbili za maji ya machungwa, na baada ya dakika kumi na tano Mama alirudi katika hali yake. Meza tuliipata saa mbili.

Kosa la kumdunga kabla ya kuwa na uhakika wa sahani lilikuwa langu, na nalikiri. Hata hivyo ndilo jambo ambalo muda huru haukuahidi, nami sikulielewa: unapewa uhuru wa kufika, si uhakika wa kuketi. Meli nyingi siku hizi zina programu ya simu inayokuwezesha kushika nafasi ya saa fulani, na yetu ilikuwa nayo, lakini tulipoifungua siku ya tatu nafasi zote za kabla ya saa mbili za usiku uliobaki zilikuwa zimechukuliwa.

Kero ya pili ya muda huru ilikuwa ya kila usiku kujieleza upya. Kwamba hatuli nyama isiyo halali, kwamba hatutaki mchuzi uliopikwa kwa mvinyo, kwamba Mama asiletewe chochote kilichotiwa sukari. Mhudumu wa usiku wa tatu alisikiliza vizuri. Wa usiku wa nne alisikiliza vilevile, lakini ukumbi ulikuwa umefurika naye alikuwa mbioni, na samaki akaja na mchuzi mweupe ambao mwanangu, kwa bahati tu, aliuliza umetengenezwa kwa nini. Ulikuwa na mvinyo. Mhudumu aliomba radhi kwa dhati na akaubadilisha. Simlaumu, kwani hakuwa ametuona maishani mwake hadi dakika ishirini zilizotangulia.

Asubuhi ya siku ya tano nilikwenda kwa mkuu wa wahudumu nikamweleza habari ya insulini waziwazi, jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Alifungua ramani yake ya meza, akatafuta kwa muda, akatupa meza ya watu sita karibu na mlango katika zamu ya kwanza, saa kumi na mbili na robo.

Usiku tatu zilizofuata zilikuwa safari nyingine kabisa. Jua la Desemba huko huzama karibu na saa kumi na moja unusu kwa saa ya Dubai, kwa hiyo tuliswali magharibi, nikamdunga Mama, tukashuka bila haraka, naye akapata mkate mkononi kabla hajakunja miguu vizuri. Mhudumu wetu alikuwa kijana kutoka Goa. Usiku wa kwanza aliandika mahitaji yetu kwenye kijitabu chake. Usiku wa pili hakukifungua. Maji ya Mama yalikuwa mezani bila barafu, na sahani ya binti yangu ililetwa pamoja na supu yetu ili asisubiri, samaki akiwa ameshatolewa miiba. Kila tulipomaliza kula alituletea orodha ya vyakula vya kesho, tukachagua mapema, ili jikoni watuandalie mchuzi wetu kando. Mama anaelewa Kihindi kidogo kwa filamu alizozitazama ujanani, na kufikia usiku wa mwisho kijana yule alikuwa akimwita "Mama" kama tunavyomwita sisi na kumsalimu kwa mikono miwili. Saa mbili kasorobo tulikuwa tumemaliza, tukaswali isha, na binti alilala kitandani kwake.

Zamu ya kwanza ina gharama yake. Siku ya Abu Dhabi tulitaka kwenda matembezi ya jangwani, ambayo hurudisha watu usiku, na tulilazimika kuchagua. Mume wangu na mwanangu walikwenda na kula huko huko jangwani. Sisi watatu tulibaki na meza yetu. Zamu haimfungi mtu: unaweza kuikosa usiku mmoja ukala bafe, ila ni uungwana kumwarifu mhudumu mapema. Vijana, wanandoa wasio na watoto, na familia zenye watoto wakubwa wanaopenda kushinda bandarini hadi giza liingie wataufurahia muda huru, mradi washike nafasi zao kwenye programu kabla ya kupanda meli. Zamu ya pili ningeipendekezea familia yenye watoto wadogo pale tu klabu ya watoto inapowachukua kutoka mezani wakishakula, kama Disney wanavyofanya, na hata hivyo si kwa mtoto wa miaka 4.

Nikipima kwa nyota 5, zamu ya kwanza naipa 5, muda huru 2, na zamu ya pili 2, kwa familia iliyo kama yetu. Anayekata tiketi hapa mjini amwambie wakala aandike zamu ya kwanza siku hiyo hiyo ya kulipa, kwa sababu ndiyo inayojaa mapema, na aandikishe pamoja nayo habari ya chakula halali na ya ugonjwa. Akikosa, siku ya kupanda meli aache mizigo chumbani, asiende kwanza kwenye bwawa wala bafe, amtafute mkuu wa wahudumu mlangoni mwa ukumbi mchana huo. Mkuu huyo anapopanga meza ndipo nafasi zinapopatikana, na mwenye insulini kwenye mkoba hapaswi kuona haya kuitoa na kuionyesha.