Ziara ya sanamu za vita Whitehall: wamemnyamazisha mzee wa Kigurkha mbele ya sanamu ya wenzake

Kama unafikiria kulipia ile ziara ya kutembea kwa miguu kwenye sanamu za vita pale Whitehall, London, soma hapa kwanza. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa zinazofanya kazi hii ni nyingi na sitaki kumchafua asiyehusika. Bei na muda mtaviona wenyewe kwenye tovuti zao. Mimi nina jambo moja tu la kusema, nalo ni lililotokea mbele ya sanamu ya Mgurkha, yaani askari wa Nepal anayetumikia jeshi la Uingereza.

Haki yake nimpe: mwongozaji anajua kuzungumza. Sauti yake inafika nyuma hata mabasi yanapopita, na pale Cenotaph, mnara wa kuwakumbuka waliokufa vitani, alieleza mpaka watu wakatulia kimya. Ziara ingeishia hapo ningempa nyota nne bila kusita.

Kilichoanza kunikera ni Slim. Tuliipita sanamu ya Jenerali Slim kama watu wanaopita nguzo ya umeme. Huyu ndiye aliyeongoza Jeshi la 14 la Uingereza kule Burma, na ndani ya jeshi hilo walikuwemo wazee wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walioshuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua na matope. Wagurkha nao walikuwa kwenye jeshi hilohilo, na Slim mwenyewe aliwahi kuwa ofisa katika vikosi vyao. Ukitaka kuwaeleza watu Wagurkha ni akina nani, ungepata wapi pa kuanzia pazuri kuliko pale? Niliuliza, nikajibiwa kwamba ratiba imebana. Nikanyamaza, nikajua tunakokwenda tutasimama.

Tukafika Horse Guards Avenue. Katika kundi letu alikuwemo mzee mmoja wa Kinepali, amevaa kofia yao ya kitambaa cha rangi na koti lenye medali kifuani, ameshikwa mkono na mjukuu wake wa kike. Huyo binti ndiye aliyemnunulia babu yake tiketi. Kila mwenye macho alimwona. Mwongozaji naye alimwona, kwa sababu alimwelekezea kidole na kusema, "Leo tuna mmoja wao hapa!" Watu wakapiga makofi. Mzee akainamisha kichwa kidogo.

Kisha mwongozaji akaanza. Eti Waingereza "waliwagundua" hawa watu milimani. Eti ni wapiganaji wa kuzaliwa, wasiojua woga. Eti kisu chao, khukuri, kikichomolewa hakirudi alani mpaka kionje damu. Akachomoa cha plastiki kutoka kwenye begi na kuanza kukizungusha hewani, watoto wakacheka.

Hawakugunduliwa. Waingereza walikwenda kupigana na Nepal mwaka 1814, wakakutana na kamanda wa Nepal, Balbhadra Kunwar, kwenye ngome ya Nalapani, karibu na Dehradun, kaskazini mwa India ya leo. Alikuwa na watu wapatao 600, wakiwemo wanawake na watoto. Jenerali Gillespie wa Waingereza aliuawa pale akiwa mbele ya askari wake. Ngome ilishikilia takriban mwezi mzima, na waliobaki hawakutoka mpaka maji yalipokatwa. Waingereza wakaweka minara ya ukumbusho mahali pale, mmoja wa wafu wao na mmoja wa Balbhadra na watu wake, na mwaka 1815, kabla vita haijaisha, walikwishaanza kuwaandikisha Wagurkha kwenye jeshi lao. Walitaka kuwa upande mmoja na watu waliokuwa wamewatoa jasho. Habari kama hiyo unaiachaje ukachezea kisu cha plastiki?

Na kama ni ushujaa, wa kweli upo tele. Mgurkha Lachhiman Gurung, mwezi Mei 1945, Taungdaw, Burma. Mtu mfupi, hata futi tano hakufika. Wajapani walirusha maguruneti kwenye handaki lake, akayarudisha mawili kwa mkono, la tatu likamlipukia na kumharibu mkono wa kulia. Akaendelea kupiga risasi kwa muda wa saa nne, bunduki akiijaza kwa mkono wa kushoto. Maiti 31 zilikutwa mbele ya kikosi chake. Akapewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Jina lake halikutajwa siku ile, wala la Kulbir Thapa, Mgurkha wa kwanza kupata nishani hiyo, aliyewaokoa majeruhi kule Ufaransa mwaka 1915, akianza na askari Mwingereza. Tulipewa damu ya kisu tu.

Sasa sikilizeni. Mwongozaji akasoma kwa sauti maneno yaliyochongwa chini ya sanamu, yale ya Ralph Turner, msomi Mwingereza aliyepigana pamoja na Wagurkha, kwamba hawa ni mashujaa kuliko mashujaa wote, wakarimu kuliko wakarimu wote, na kwamba hakuna nchi iliyowahi kupata marafiki waaminifu kuliko wao. Akaongeza kwamba Mgurkha hapiganii fedha, anapigania heshima. Hapo mzee akainua mkono. Kiingereza chake ni cha polepole lakini kinaeleweka. Akasema, "Samahani bwana, pensheni yetu…"

Hakumaliza. Mwongozaji akamkata: "Mzee, maswali mwisho. Na hii si ziara ya siasa."

Mwisho wa ziara haukuwa na maswali.

Siasa gani? Sanamu ile ilizinduliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1997. Na tarehe 1 Julai ya mwaka huohuo ndiyo iliyokuja kuwekwa kuwa mpaka: Mgurkha aliyestaafu kabla yake hakuwa na haki ya kuhamia Uingereza. Wenzake mzee yule walikwenda mahakamani wakashinda mwaka 2008, Bunge likapiga kura upande wao mwezi Aprili 2009, 267 kwa 246, na mwezi uliofuata serikali ikakubali kwamba aliyetumikia angalau miaka minne aruhusiwe kuishi nchini. Pensheni ikabaki palepale, iliyopangwa kwa viwango vya jeshi la India, chini sana ya ile ya Mwingereza aliyelala naye handaki moja. Mwaka 2021 wazee wa Kigurkha waligoma kula karibu na lango la Downing Street, kwa Waziri Mkuu, hatua chache kutoka tuliposimama sisi. Hiyo ni historia ya kijeshi kama ilivyo Nalapani. Na mwenye historia alikuwa amesimama mbele yetu, medali kifuani, anaambiwa asubiri. Kwetu mtu wa umri ule unamwamkia kabla hujafungua kinywa kusema lako.

Binti alikuwa anatetemeka. Kundi likasonga mbele, sisi wachache tukabaki na babu. Na hapa ndipo napata shida na nyota zangu, maana nusu saa iliyofuata ilikuwa nzuri kuliko ziara yoyote niliyowahi kulipia. Alitueleza vita vya Borneo, kisiwa cha Asia ya Kusini-Mashariki, jinsi walivyotembea msituni bila kuongea, wakipashana habari kwa mikono. Alieleza kwamba baadaye jeshi lilipunguzwa, na wenzake wengi wakarudishwa milimani bila pensheni kwa sababu hawakufikisha miaka 15. Kuhusu khukuri akasema mama yake alikatia nayo kuni na mboga kila siku, damu ya nani ingetosha? Woga pia alitueleza. Alisema aliogopa sana, hasa usiku. Sijawahi kusikia askari akisema hivyo bila kuona haya, nikamheshimu maradufu.

Kwa hiyo niliporudi nyumbani niliandika nyota mbili: moja ya Cenotaph, na moja kwa kuwa bila ziara nisingekutana na mzee. Nikawaandikia ofisini kwao, kwa adabu kabisa, nikitaka mzee aombwe radhi. Jibu lilichukua muda. Wakasema wanasikitika kwamba "usumbufu kutoka kwa mmoja wa wateja" uliniharibia ziara, wakanipa punguzo kwa ziara ijayo.

Usumbufu! Mtu aliyewapigania msituni wanamwita usumbufu, tena mteja wao aliyelipiwa tiketi sawa na yangu.

Nimeshusha hadi nyota moja. Ile ya mzee nimeiondoa kwa sababu haikuwa yao. Punguzo sitalitumia. Sanamu iko barabarani, kuiona ni bure, nendeni wenyewe. Wamwandikie mzee barua ya kumwomba radhi na wamrudishie binti fedha za tiketi mbili, hapo nitabadilisha tathmini hii. Au hapana. Hata wakifanya hayo yote, sibadilishi mpaka mwongozaji yule aondolewe kwenye ziara hiyo.