Huion Kamvas 22 Plus kwa mchoraji wa kanga

Kwa anayechora kanga, hina au nakshi za milango, na pesa aliyonayo ni ya skrini moja tu ya kuchorea, mimi namwambia achukue Huion Kamvas 22 Plus. Ndiyo ninayoifanyia kazi hapa Kibokoni, Mombasa, nimeichomeka kwenye laptopu, na kilichonivuta zaidi si bei, ni kioo.

Kanga ina pindo lililozunguka pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani maneno ya kanga, chini ya mji. Ukichora nakshi ya korosho ya pembeni, sharti uione imekaaje na kanga nzima, maana pindo likinenepa mji husongeka na jina likakosa pa kukaa. Kwenye tableti ndogo unavuta karibu, unachora, unarudisha nyuma, unavuta tena, mpaka mkono unapoteza mwendo wake. Inchi 21.5 zinaniwekea kanga nzima mbele ya macho. Tena skrini ni ya 16 kwa 9, ndefu kuliko kanga, kwa hivyo upande mmoja hubaki wa kuweka rangi na tabaka za mchoro.

Sasa hicho kioo. Skrini nyingi za bei ya chini zina uwazi kati ya kioo cha juu na skrini yenyewe. Ncha ya kalamu inagusa hapa, mstari unatokea kando kidogo, na ukikaa upande tofauti huzidi. Anayepaka rangi ya mawingu hatajali. Mwenye kupanga vidoto vya pindo, kimoja baada ya kingine, atateseka. Kioo cha Kamvas kimegandishwa juu ya skrini, na uso wake umeparuzwa kiwandani ili kalamu ishike kama kwenye karatasi na mwanga wa dirisha usikumulike.

Skrini pinzani, Wacom Cintiq 22, iliyotoka 2019, kalamu yake naipenda zaidi, hasa kwa mstari mwembamba. Lakini kioo chake hakikugandishwa, na mimi nataka mstari utokee pale pale nilipogusa. Ile namba 8192 ya viwango vya mkandamizo, yaani jinsi kalamu inavyohisi uzito wa mkono, isikuamulie, zote mbili zinayo.

Nukta za picha za Kamvas 22 Plus ni 1920 kwa 1080, na kwa ukubwa huu herufi ndogo huonekana na ngazi ngazi. Jina la kanga ni herufi kubwa, haliniudhi. Mchoraji wa katuni zenye maneno madogo aangalie Kamvas Pro 24 ya 2560 kwa 1440. Kamvas 22 Plus haina vitufe, kibodi huwa mkono wa kushoto.

Rangi zake ni pana kuliko sRGB, kile kipimo cha kawaida cha rangi za skrini, na nyekundu huwaka kuliko itakavyowaka kwenye pamba. Nimeiweka kwenye sRGB, na kando nina kipande cha kanga iliyokwisha kupigwa chapa. Mteja wangu wa Mtaa wa Biashara hukitazama hicho kwanza.

Mombasa ina mambo yake. Kaskazi ikiingia kiganja hutoka jasho na kugandia kioo; glavu ya vidole viwili ni lazima. Na skrini hii haina betri: stima ikipotea laptopu inaendelea, skrini inazima mstari ukiwa katikati. Nunua UPS ndogo, betri ya akiba ya stima, pamoja nayo. Laptopu nyingi za mitumba zina tundu la USB-C lisilopitisha picha, basi hakikisha yako ina HDMI, tundu la waya wa picha.

Dukani, omba ichomekwe. Fungua ukurasa mweupe, kisha mweusi, utafute nukta zilizokufa. Halafu weka rula mshazari, uvute mstari polepole mpaka pembeni kabisa mwa skrini. Mstari ukitetemeka, omba skrini nyingine. Hesabu na ncha za akiba kwenye boksi, kwa sababu uso ule ulioparuzwa hula ncha haraka.